Guka Aliitwa Gaidi, Wewe Unataka Kuwa "Guide": Rada ya Kazi ya Kusimulia Mlima, Kutoka Nyeri Hadi Nanyuki

Ushawahi shuka mat Nanyuki, pale kwa kibao cha ikweta, ukapata msee ako na beseni, jagi ya maji na vijiti viwili vya kiberiti? Kama hujawahi, form ni hii. Anakupeleka hatua chache upande wa kaskazini, anamwaga maji kwa beseni lenye tundu, kijiti kinazunguka kikielekea upande mmoja. Mnavuka laini, mnaenda kusini, kijiti kinazunguka upande ule mwingine. Mkisimama kwa laini yenyewe, kijiti kinatulia tuli. Watalii wanapiga makofi. Kisha inatolewa karatasi, jina lako linaandikwa, unatoa doo, unaishia na cheti chako cha kuvuka ikweta.

Sasa wacha nikuharibie siku. Ile kitu ni mchezo. Nguvu ya dunia kuzunguka iko, na ndiyo inafanya vimbunga vya kaskazini vizunguke tofauti na vya kusini. Lakini kwa beseni, hatua ishirini kutoka kwa laini, hiyo nguvu ni ndogo hivi kwamba haiwezi sukuma kijiti. Kinachosukuma ni venye msee amemwaga maji na venye amegeuka akiweka beseni chini. Ikweta ya kweli ni mkono wake.

Na simchukii. Ni hustler kama mimi na wewe, na ameshikilia hapo miaka. Nataka tu ucheki anauza nini. Si maji, si karatasi. Anauza story ya dakika tano, na watu wanalipa wakicheka. Nyuma yake kuna mlima wa mita 5,199, wa pili kwa urefu Afrika nzima, na mayut wa Nyeri, Naro Moru, Nanyuki na Chogoria wamekalia story za ukweli ambazo hawajawahi lipwa hata bob moja.

Kwa hivyo leo tuongee kuhusu hii kazi ya kuongoza watalii. Sio ile ya kuendesha van ukionyesha simba. Ile ya kusimama mbele ya mti, kaburi au mtaro na kumfanya mtu aone kitu ambacho angepita tu.

Mimi niliichanukia kwa njia ya aibu. Niliacha chuo mwaka wa pili (fee iliisha, stori ndefu, siku nyingine), na beshte yangu wa Naro Moru akanishikanisha na kazi ya kubeba mizigo mlimani. Tulilala Met Station, mita 3,050, asubuhi tukaingia ile sehemu wanaita Vertical Bog. Hiyo ni tope ya kupanda, msee. Tope yenye iko na mteremko. Begi ya mgeni mgongoni, viatu vimekunywa maji, na mimi najiambia at least ni kazi.

Tukiingia bonde la Teleki, mama mmoja mgeni akasimama mbele ya mmea mkubwa, unakaa kabeji iliyopandishwa juu ya nguzo na kuvalishwa koti. Akaniuliza ni nini hiyo. Nikamwambia, "Ni mti." Akauliza mbona imejifunga majani yaliyokauka. Nikamjibu, "Ni mti ya mlima." Aliniangalia venye mwalimu anaangalia mtoi hajafanya homework.

Jioni pale Mackinder's Camp, mita 4,200, mwongozaji wetu akakaa na wageni wakiwa na chai. Akawaambia pale juu kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni baridi ya kugandisha. Ule mmea hauangushi majani yake ya zamani, unayaacha yashikilie shina kama koti ndio maji ya ndani yasigande. Akawatoa nje na tochi, akawaonyesha lobelia: majani yaliyokuwa wazi mchana yamejikunja yakafunika moyo wa mmea, na asubuhi yatafunguka tena. Kisha akawauliza, "Kama nyinyi mngelazimishwa kuishi hapa bila kuhama, mngevaa nini?" Watu wakanyamaza wakifikiria. Hakutaja jina hata moja la kisayansi mpaka mtu alipoliuliza, na akalijua.

Baadaye nikamuuliza hiyo kitu alisomea wapi. Akacheka. Majina ya Kikuyu alipewa na mamake akichunga mbuzi ukingoni mwa msitu. Ya Kiingereza alisoma akijiandaa kwa mtihani. "Wewe umebeba begi ya mgeni," akaniambia, "mimi nimebeba kichwa yake." Sikupenda venye alisema, lakini mshahara wake na wangu ulikuwa unaongea vilevile.

Kuna buda wa Marekani, Freeman Tilden, mwandishi wa habari aliyezungushwa kwa mbuga za wanyama na maeneo ya historia kule kwao, kisha 1957 akatoa kitabu kuhusu hii kazi. Hoja yake kubwa, kwa lugha yetu: kumwagia mgeni habari bado hujafanya kazi. Kazi inaanza ile habari ikigusa kitu kwa maisha yake na ikamwacha na swali. Yule msee wa Naro Moru hakuwa amesoma Tilden. Alikuwa anaifanya tu.

Halafu kuna hii shida ya jina. Kiswahili sanifu kinasema "mwongoza watalii". Mtaani tunasema "guide", na ukiitamka haraka inakuwa "gaidi". Nilipomwambia cucu yangu kwa simu nataka kusomea u-guide, aliniuliza mara mbili kama niko sawa. Tulicheka sana. Lakini ukikaa chini ufikirie, kwa Nyeri hiyo si joke tu. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliwaita wapiganaji wa msituni magaidi, kwa karatasi rasmi. Guka wa mtu aliitwa gaidi kwa huu msitu huu, na leo mjukuu anataka leseni ya kuutembeza. Story atakayosimulia ni ya nani?

Hapo ndio nataka tukae kidogo.

Mgeni akifika Nyeri leo, kwa kawaida anapelekwa wapi? Anaanzia kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki hapa tarehe 8 Januari 1941. Kwa jiwe kuna duara na nukta katikati, alama ya skauti ya kusema nimeenda nyumbani. Kisha Outspan, kuona Paxtu, kile kinyumba alichoishi. Kisha Treetops, ndani ya Aberdare, na story ya Elizabeth aliyepanda juu ya mti akiwa binti mfalme na kushuka akiwa malkia, Februari 1952.

Story tamu, hakuna ubishi. Lakini hata hiyo tunaisimulia nusu. Babake alifariki Uingereza usiku ule yeye akiwa Treetops, lakini hakuna mtu alimwambia hapo. Habari ilimfikia baadaye akiwa Sagana Lodge, upande wa Kiganjo. Na kile kibanda cha mti alicholala hakiko tena. Wapiganaji wa Mau Mau walikichoma 1954. Kilichoko leo ni jengo la 1957 na nyongeza za baadaye. Kwa hivyo mtu akikuambia malkia aliguswa na habari akiwa kwa hii veranda, mwangalie tu kama yule msee wa beseni.

Na hapo kwa "walikichoma" ndipo waongozaji wengi hupita kwa speed. Kwa nini walikichoma? Nani? Walikuwa wanaishi aje kwa ule msitu? Mgeni aliyesafiri masaa kumi kwa ndege anataka kujua hiyo kuliko anavyotaka kujua rangi ya pazia la malkia.

Toka Nyeri town uelekee Tetu, karibu na msitu, kuna Kahigaini. Hapo ndipo Dedan Kimathi alipigwa risasi na kushikwa asubuhi ya 21 Oktoba 1956, amevaa ngozi ya chui. Kesi yake ilisikizwa hapahapa Nyeri, Novemba mwaka huohuo. Na unajua alishtakiwa na nini? Bunduki. Kiongozi wa vita nzima, na shtaka lililompeleka kwa kamba lilikuwa kupatikana na bastola na risasi. Walimnyonga Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na mpaka leo familia haijapewa kaburi. Linganisha na yule wa skauti. Mmoja kaburi lake ni kivutio, mwingine mwili haujulikani uko wapi, na wote wawili ni story ya mji mmoja. Mwongozaji anayeweza kusimamisha watu kwa lile duara na nukta, kisha akawauliza, "Na wa Tetu yeye alienda nyumbani wapi?", huyo hahitaji beseni.

Kuna vitu vingine mji unapita kila siku bila kuangalia. Pale Nyeri town kuna mnara wa kumbukumbu, umeandikwa kwamba ni wa Wakikuyu waliokufa wakipigania uhuru kati ya 1951 na 1957. Uhuru gani? Upande gani wa vita? Nani aliandika, na wakati aliandika, wasee wa msituni walikuwa wanaitwaje? Hayo maswali matatu ni ziara ya nusu saa, bure, hapo stendi karibu. Museum ya Nyeri iko Ruringu, kwa jengo lililokuwa korti ya wenyeji enzi za mkoloni. Wangapi kati yenu mliosomea Nyeri mmewahi ingia? Haya, tuendelee.

Ihithe, hukohuko Tetu, ndiko Wangari Maathai alizaliwa 1940. Alieleza venye mamake alimkataza kuokota kuni za mugumo, kwa sababu ni mti wa Mungu, na karibu na huo mugumo kulikuwa na kijito. Baadaye mugumo ukakatwa, kijito kikakauka. Alipokuwa mwanasayansi akaunganisha: mizizi ya mugumo inaenda chini kabisa, inasaidia maji kupanda na kushikilia udongo. Alipewa Nobel ya Amani 2004, wa kwanza kati ya wanawake Waafrika. Ona sasa, mti mmoja uko na dini, sayansi, siasa na maji ya mtaani kwenu. Na wewe ungesema "ni mti".

Kwa nini nasema haraka? Kwa sababu wenye story wanaenda. Mukami Kimathi, mjane wa Dedan, alifariki Mei 2023. Field Marshal Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee wa cheo hicho, aliyekaa msituni mpaka uhuru na kunyolewa zile rasta zake 2022 tu, alifariki Septemba 2023, mwaka uleule. Wiki chache baadaye Mfalme Charles akaja Kenya, akasema ukatili ule haukuwa na kisingizio, akaenda Nairobi na Mombasa. Nyeri hakufika. Magazeti yaliandika kama ameomba msamaha au hajaomba. Mimi nilijiuliza kitu kingine: angefika Nyeri akitaka kuonyeshwa, tungemtuma nani amtembeze?

Sawa, tuseme umeskia moto. Unaingiaje?

Leseni ya kuongoza watalii Kenya inatolewa na TRA, ile mamlaka iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Lakini kabla ya leseni watu wanaangalia umefanya mtihani gani. Mtihani unaoheshimika zaidi ni wa KPSGA, chama cha waongozaji kilichoanza 1996. Uko na ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Shaba ndio mlango. Unaulizwa wanyama, ndege, wadudu, mimea, jiografia, historia, tamaduni za makabila, sheria za uhifadhi, huduma ya kwanza, na venye unakaa na mgeni. Fedha huiguzi mpaka umalize miaka mitatu na shaba yako, na hapo unatolewa nje, unatembea na watahini, wanakuuliza kila kitu kinachoruka au kuota. Dhahabu wako wachache sana nchi nzima.

Shule ziko. Utalii College pale Thika Road, tangu 1975. WRTI ya Naivasha, kwa mambo ya wanyamapori. Vyuo vikuu na TVET za hapa mlimani ziko na kozi za utalii, na DeKUT, chuo chenye jina la Kimathi mwenyewe, ina hifadhi yake ya wanyama ndani ya chuo. Lakini sikiza, na hii nasema kama mtu alihepa darasa: mtihani wa shaba unaweza kujiandaa ukiwa kwa keja. Kenya iko na ndege zaidi ya 1,000 na hakuna mtu atakuita ofisini uwajue. Kitabu cha ndege cha kuazima, darubini ya kushare na mbogi, na masaa. Na kwa wale mna ujuzi bila karatasi, KNQA wako na mfumo wa kupima kile umejifunzia nje ya darasa na kukupa cheti. Uliza kwa TVET iliyo karibu na wewe kama wanapima utalii kabla hujalipa mtu yeyote "kukusaidia".

Sasa malalamiko yangu. Vitabu vyote nilivyopitia kujiandaa ni vya Kiingereza, na vinakufundisha nchi nzima kwa wakati mmoja. Hiyo ni fiti, mgeni anaweza kukuuliza kuhusu Turkana ukiwa Karatina. Lakini unaweza kujua swala wote wa Kenya na usijue kwamba muiri, ule mti cucu anachemsha gome lake, ndio Prunus africana, kwamba gome lake linaenda majuu kutengeneza dawa ya tezi dume, na kwamba tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa sababu miti ilikuwa inachunwa mpaka inadedi. Huo ndio ujuzi mtoto wa hapa anao nusu tayari. Hakuna anayemwambia ni ujuzi. Anaambiwa ni ushamba.

Pia mlima wenyewe ni mtihani tofauti. Kujua ndege hakukufanyi uongoze watu Point Lenana. Pale juu, mita 4,985, hewa unayovuta ni kama nusu tu ya ile ya Mombasa. Mtu anaanza na kuumwa na kichwa, anatapika, kisha anatembea akiyumba kama mlevi, na hapo hakuna kumwambia "jikaze, tumebakisha kidogo". Unamshusha, saa hiyohiyo, hata kama ni saa tisa usiku na amelipa pesa mingi. Maji yakiingia mapafuni au ubongo ukivimba, masaa ndiyo yanahesabika. Naona siku hizi vikundi vya hiking kutoka Nai, watu arobaini, kiongozi ni yule alifungua group ya WhatsApp. Barabara ya Kenol hadi Marua imefanya kufika huku kuwe rahisi, na hiyo ni poa kwa biashara. Lakini ukienda na kundi kama hilo, uliza nani amesomea huduma ya kwanza ya mlimani na nani anajua njia ukungu ukishuka. Wakikuonyesha msee wa kupiga picha na drone, rudi nyumbani.

Doo? Nitakuwa mkweli. Hii kazi ni ya msimu. Mlima unajaa Januari na Februari, kisha tena Julai mpaka Septemba hivi. Aprili na Novemba mvua inakukalisha kwa keja ukihesabu mabati. Mpagazi anabeba mzigo siku nzima na analipwa kidogo kuliko wote, mwongozaji anapata zaidi, na kampuni ya Nairobi iliyoleta mgeni ndiyo inabaki na kipande kikubwa. 2024 Kenya ilipokea wageni wa kimataifa karibu milioni 2.4. Wengi walienda Mara na pwani. Waliopanda huku, wengi walipita. Mtu analala Nanyuki, anaamkia Ol Pejeta kuona Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili waliobaki duniani, kisha anaondoka. Nyeri anaiona kwa dirisha la gari.

Ndiyo maana mimi naona nafasi ya mayut iko mjini na kwa vijiji kuliko kule kileleni. Ziara ya kutembea Nyeri town na Ruringu haihitaji gari wala hema. Wanafunzi wanaletwa na mabasi kila muhula na wanazungushwa na mwalimu asiyejua mahali. Wakenya wa Nairobi wanakuja kila wikendi na hawajui chochote kuhusu hapa zaidi ya nyama na baridi. Hao nao ni wageni, na wanalipa kwa M-Pesa papo hapo.

Na usidhani hii ni ndoto ya kukopi majuu bila hesabu. Chamonix, Ufaransa, walikuwa na chama cha waongozaji wa mlima tangu 1821. Courmayeur, ng'ambo ya Italia, tangu 1850. Hivyo vilikuwa vijiji vya wafugaji na wakulima wa baridi kama Naro Moru tu. Sasa fikiria 1899, Mackinder anakuja kupanda mlima wetu. Msafara wake ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wamaasai wawili wa kuonyesha njia na Wakikuyu 96. Waliofika Batian tarehe 13 Septemba ni watatu: Mackinder, na Ollier na Brocherel, waongozaji kutoka hukohuko Courmayeur. Majina yao yako kwa kila kitabu cha mlima. Wale 96 wako kwa vitabu pia. Kama 96.

Halafu vilele vikapewa majina ya Wamaasai: Batian, Nelion, Lenana. Mlima ambao Wakikuyu wanaugeukia wakiomba, wanauita Kirinyaga, uko na vilele vya laibon wa Kimaasai vilivyopewa jina na Mwingereza. Sijawahi skia mwongozaji akiuliza kundi lake wanafikiria nini kuhusu hiyo, na nimepanda na wanne.

Barafu nayo hiyo hapo. Ile theluji iliyofanya wazee waseme Ngai anakaa pale inaisha. Lewis, ile barafu kubwa unayopita ukienda Lenana, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na imeendelea kupungua. Mtu anayeanza kazi hii leo akiwa na miaka 22 ataonyesha wageni mwamba mtupu kabla afike 40, na atalazimika kuwaambia kulikuwa na nini. Heri aiangalie sasa vizuri, apige picha, aandike tarehe.

Mimi nimeanza. Nasoma ndege usiku, nakosea wale wadogo wa kahawia kila wakati, na mwezi uliopita nilienda ocha kwa cucu na daftari. Yeye huniita mume wake kwa sababu nina jina la guka, basi nikamwambia mume wake ana maswali. Nilitaka anionyeshe kijiji cha dharura. Kama hujui: kuanzia 1954 serikali ilihamisha Wakikuyu zaidi ya milioni 1, ikawarundika kwa vijiji zaidi ya 800, mitaro na miti iliyochongwa kuzunguka, ndio chakula kisifike msituni. Cucu alikuwa na miaka kumi na mbili. Hajawahi kuniambia, na sijawahi kumuuliza.

Alichukua bakora yake, tukatoka, tukavuka shamba la jirani mpaka mahali pameota majani ya ng'ombe. Kuna bonde dogo hapo, unaweza fikiri ni njia ya maji. Nimelipita tangu nikiwa mtoi, nikilirukia kuenda shule. Akasimama kwa ukingo, akaonyesha na bakora hadi kule linapokunja kwa migomba.

"Hapa tulichimba," akasema. "Mimi nilikuwa nabeba udongo na karai. Mamangu alikuwa pale chini." Kisha akaniangalia daftari. "Andika na majina ya wale wengine. Nitakutajia."

Tulifika jina la kumi na saba kabla mvua ianze. Narudi Jumamosi.